Sura ya Nne: Kijana Wetu

Mbaraka niliyemjua mimi alikuwa mtoto wa jirani, mwenye kidonda cha goti kisichopona na gari la waya lenye magurudumu ya kandambili. Kwa hiyo siku mama aliponiambia, Januari 1979, kwamba Mbaraka amekufa na nisipige kelele uani kwa sababu baba hajisikii vizuri, nilitoka mbio hadi nyumba ya pili na kumkuta Mbaraka amekaa barazani anakula muwa. Nilimkodolea macho. Akadhani nina uchu, akanikatia pingili moja.

Aliyekufa alikuwa Mbaraka Mwinshehe, mwimbaji na mpiga gitaa, kwa ajali ya gari upande wa Mombasa, tarehe 12 ya mwezi huo. Alikuwa na miaka 34. Mji wetu wa Morogoro ulimhesabu kuwa wake. Hapa ndipo alipong'ara na Morogoro Jazz, bendi iliyofika hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya 1970, kabla hajajitenga mwaka 1973 na kuunda Super Volcano. Vita vya Kagera vilikuwa vikiendelea, redio imejaa habari za mpakani, na katikati ya habari hizo ndipo ikapenya hii ya mwanamuziki. Baba yangu, fundi cherehani, aliondoa miguu kwenye pedeli. Akaikunja suruali ya mteja bila kuitia pindo, akafunga kibanda saa nane mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata alipokuwa na homa. Nyumbani alikaa kwenye kigoda nje ya mlango. Mzee mmoja akapita, akamuuliza kulikoni.

"Nimefiwa na ndugu yangu," baba akasema.

Mzee akampa pole, akauliza mazishi ni lini na wapi. Baba hakuwa na jibu.

Nimeufikiria mara nyingi msiba ule usio na mahali. Sisi tuna utaratibu wetu wa kufiwa, na nilipoeleza msiba wa mama katika sura iliyotangulia nilisema jinsi utaratibu huo unavyombeba mtu kama machela. Turubai linafungwa, majamvi yanatandikwa, daftari la rambirambi linazunguka na mshika daftari wake mwenye kalamu moja ya kuazima. Ukifika huhitaji maneno. Unatoa mkono wa pole, unakaa. Hata watani wana kazi yao: watazuia jeneza, watalala kaburini mpaka walipwe, na mfiwa atajikuta anacheka wakati machozi hayajamkauka. Siku ya tatu tanga linaanuliwa, baadaye arobaini, na kila mtu anajua huzuni imefika kituo gani. Lakini akifa mtu mashuhuri uliyempenda kwa mbali, hayo yote yako kwa wenyewe. Huna jamvi la kukalia wala mtani wa kukuchekesha. Serikali, kama marehemu ni wa ngazi hiyo, itashusha bendera nusu mlingoti na kufungua kitabu cha maombolezo, ila kitabu hicho ni cha mabalozi na mawaziri. Fundi cherehani wa Morogoro hasaini. Kinachobaki mikononi mwake ni jina la udugu. Aliposema amefiwa na ndugu yake, baba alikuwa anajitandikia jamvi mwenyewe.

Majina haya ya udugu ndiyo yaliyonifanya niandike sura hii, kwa sababu yanahama. Unayemwita baba leo hutamwita hivyo siku zote, na yeye amelala palepale mlipomwacha.

Nililigundua hilo kwa kuchelewa, lakini mbegu yake ilipandwa jioni ya tarehe 12 Aprili 1984. Nilikuwa darasa la saba. Redio ilikuwa imewashwa kibandani, na sauti iliyotoka haikuwa ya mtangazaji bali ya Mwalimu Nyerere mwenyewe. Alisema kwamba Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu, akitoka Dodoma kuja Dar es Salaam, amepata ajali na amefariki dunia. Ajali ilikuwa Dakawa, barabara ya Dodoma, karibu sana nasi kiasi kwamba vijana wa mtaani waliondoka kesho yake kwa baiskeli kwenda kupaona. Katika tangazo lile Mwalimu alimwita ndugu yetu na mwenzetu, na alimwita pia kijana wetu.

Neno hilo lilinikwaza. Kijana? Sokoine kwangu alikuwa wa umri wa milima ya Uluguru. Alikuwa ndiye aliyeendesha ile vita ya wahujumu uchumi mwaka uliotangulia, iliyowafanya watu watupe sukari na redio vichakani usiku. Baba mwenyewe alikuwa na majora mawili ya kaki chini ya kitanda. Aliyahamishia kwa shemeji yake shambani, akarudi, na bado alimpenda Sokoine mapenzi ya dhati. (Sijawahi kuelewa vizuri mapenzi ya aina hiyo, ila nimeyaona kwa watu wengi wa rika lake.) Mtu anayetisha wenye maduka nchi nzima anaitwaje kijana? Nilimuuliza baba. Akanitazama kama niliyeuliza kwa nini maji yana unyevu.

Sokoine alikuwa na miaka 45. Uwaziri mkuu aliushika mara ya kwanza mwaka 1977 akiwa na 38. Mwalimu, siku alipotoa tangazo lile, alikuwa amebakiza saa chache tu atimize 62, maana alizaliwa tarehe 13 Aprili. Hesabu hiyo niliifanya nikiwa mtu mzima, na hapo ndipo neno lile likafunguka. Mzee alikuwa anamzika mtoto.

Usiku uleule maneno ya chinichini yalianza kwamba haikuwa ajali, na hayajaisha hadi leo. Mimi nilikuwa miongoni mwa walioyabeba. Nilikwenda nayo sekondari, nikayafikisha kwa wenzangu wa mikoa mingine yakiwa yameongezewa chumvi. Leo nikitazama nyuma naona kwamba, mbali na siasa, kulikuwa na jambo la umri. Ujana haukubali ajali. Kijana wa miaka 14 anaona mtu mkubwa lazima auawe na jambo kubwa. Gari kukutana na gari mchana kweupe katika barabara ya lami ni sababu ndogo mno kwake. Lazima awepo mtu nyuma ya pazia. Ukishazika wenzako wanne watano waliokwenda kwa pikipiki, kwa presha, kwa jino lililopuuzwa, pazia linaanza kuonekana halina kitu nyuma yake.

Ujana una upuuzi mwingine, nao ni kudhani kwamba miaka 40 ni mingi. Marijani Rajabu wa Dar International alipofariki Machi 1995, akiwa ndiyo kwanza ametimiza 40, nilikuwa na 25. Nakumbuka nikisema mbele ya watu, kwa sauti ya mtu anayejua mambo, kwamba angalau ameishi. Hakuna aliyenikosoa. Wote tuliokuwa pale tulikuwa na umri huohuo.

Kifo cha Mwalimu mwenyewe, tarehe 14 Oktoba 1999, hakikutufikia hivyo. Tulikisubiri. Kwa majuma tulijua yuko Hospitali ya St Thomas, London, na kwamba ni saratani ya damu. Kila siku kulikuwa na mtu sokoni mwenye uhakika kuwa ameshakufa na serikali inaficha. Rais Mkapa alipotangaza, wengi walisema kwanza, "Kweli safari hii?" Yalitangazwa maombolezo ya siku 30. Baba alishona vitambaa vyeusi vya kufunga mkononi mpaka kitambaa cheusi kikaisha mjini, na hakumtoza mtu. Babu alipokufa, baba alilia siku moja, akaamka kesho yake akashona. Kwa Mwalimu hakulia hata kidogo, lakini alinyamaza karibu mwezi mzima. Alikuwa na miaka 59, naye alikuwa amefiwa na Baba wa Taifa, na nadhani alikuwa anasikiliza kama nchi itatoa mlio wowote wa kupasuka. Haikutoa. Daladala zilipakia, mitihani ikafanyika. Sina hakika kama jambo hilo lilimfariji au lilimuudhi.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Steven Kanumba alikufa usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28. Ambaye hakuwa Dar es Salaam juma lile hawezi kuelezwa akaelewa. Pale viwanja vya Leaders, Kinondoni, alipoagwa, watu walijaa hadi wengine wakazimia. Njia ya kwenda makaburini haikupitika. Filamu zake zilikuwa zimefika Kigali, Bujumbura na Bukavu, na huko pia watu walilia kwa Kiswahili alichowafundisha kwa kaseti na diski. Binti yangu alikuwa na miaka 15. Alijifungia chumbani, hakula. Nami, mtu mzima wa miaka 42, nilisimama mlangoni nikamwambia atoke, kwamba yule ni mcheza sinema tu, wala si baba yake wala mjomba wake.

Akajibu kutoka ndani, "Na wewe ulimlilia nani, baba?"

Nikasema Sokoine.

Kimya kidogo. Kisha: "Yule wa SUA?"

Chuo Kikuu cha Kilimo kilianzishwa hapa Morogoro mwaka uleule wa 1984, kikapewa jina la Sokoine, na tangu hapo jina limefupishwa likawa kituo cha daladala. Binti yangu hakuwa anadharau. Alikuwa anauliza kwa unyoofu kama mtu anaweza kulilia kituo cha daladala. Nilibaki pale mlangoni na mkono kwenye komeo. Nilimkumbuka baba kwenye kigoda chake, na yule mzee mpita njia ambaye hakumwambia kwamba Mbaraka ni mpiga gitaa tu. Alimpa pole, akauliza mazishi ni lini. Hiyo ndiyo adabu niliyoshindwa kumpa mwanangu. Ilinichukua siku mbili kumpa pole, nami nilifanya vibaya, kwa kumnunulia chipsi.

Mwaka 2015 nilipanda basi kwenda Dodoma kwa shughuli zangu, nikiwa nimetimiza 45 majuma machache yaliyopita. Tulipokaribia Dakawa nilitazama nje kama ninavyofanya kila safari. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nikipita pale kama mtoto anayepita kaburi la mkubwa. Nilikuwa hata na desturi ya kusema shikamoo kimoyomoyo. Safari hii shikamoo ilikwama. Tulikuwa rika. Na nilijua kwamba safari ijayo, nikijaliwa, yeye atakuwa mdogo wangu. Mtu aliyekuwa na umri wa milima, aliyewafanya watu wazike mafuta ya kupikia mashambani, atakuwa mdogo wangu wa kumtuma dukani.

Sijui kama wasomaji wa lugha nyingine wanalipata tatizo hili. Sisi hatuwezi kumwamkia mtu kabla hatujajua nani katangulia kuzaliwa, na wafu wanatuvurugia hesabu. Mbaraka Mwinshehe alikuwa rika la baba. Mwaka 2004 tulilingana. Leo nina miaka 55, ningeweza kumzaa. Nikisikiliza gitaa lake sasa nasikia vitu ambavyo sikuvisikia zamani: haraka ya kijana, kule kupenda kuonyesha vidole vyake vinaweza nini, majigambo ya mtu anayedhani bado ana nafasi ya kurekodi upya. Huzuni yangu kwake imeongezeka badala ya kupungua, jambo ambalo sikulitarajia. Nilipokuwa na miaka 8 alikuwa amekufa mkubwa fulani. Siku hizi naona amekufa mtoto.

Shaaban Robert ndiye aliyenishangaza kuliko wote. Alifariki Juni 1962, kabla sijazaliwa, kwa hiyo sikuwahi kumlilia. Nilimkuta tayari ni picha katika kitabu cha shule, na kofia yake, mzee wa wazee. Ana kitabu cha maisha yake kiitwacho Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Nikiwa shuleni nilidhani jina hilo ni la mtu aliyekula chumvi hadi ikaisha. Nikakisoma tena nilipotimiza hamsini mwenyewe, mwaka 2020. Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909. Mtu aliyekuwa akijitafakari kwa utulivu ule baada ya miaka hamsini alikuwa amebakiwa na mitatu tu. Nilikifunga kitabu nikaenda kupima presha.

Mwaka huo wa 2020 haukuwa mzuri wa kusoma vitabu vya marehemu, kwa kuwa marehemu wapya hawakukawia. Januari alitangulia Euphrase Kezilahabi, miaka 75. Rosa Mistika yake ya 1971, iliyowahi kupigwa marufuku mashuleni, tuliisoma tukiwa tumeifunika kwa jalada la kitabu cha jiografia. Aprili akafuata Ken Walibora, aliyegongwa na matatu jijini Nairobi. Siku Njema yake ilikuwa bado imelala kitandani kwa mwanangu wa mwisho. Julai, Mkapa. Februari iliyofuata, Maalim Seif. Machi, Rais Magufuli, miaka 61. Nilianza kuona kwamba kabla sijasoma chanzo cha kifo wala sifa za marehemu, jicho langu linakwenda kwenye umri, na kidole kinatoa. Sitini na moja toa hamsini na moja. Wahenga walisema mwenzako akinyolewa wewe tia maji. Nilikuwa natia maji kila asubuhi mpaka kichwa kikalowa.

Husemwa kwamba mtu mzima anapomlilia msanii au kiongozi wa zamani, kwa kweli anaulilia ujana wake mwenyewe. Sikubaliani, au nakubali robo. Ujana wangu haukuwa mzuri kiasi hicho. Ninachokikosa Kezilahabi alipokufa si yule mwanafunzi mwenye jalada la jiografia. Namkosa mtu aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni. Wakiwapo wao, mimi nilikuwa nyuma ya migongo mipana. Kila mmoja anapoondoka, mstari unasogea hatua moja.

Wapo wanaoondoka bila kuacha jeraha, na hilo nalo ni la kushukuru. Mzee Ali Hassan Mwinyi alifariki tarehe 29 Februari 2024 akiwa na miaka 98, akazikwa Mangapwani, Unguja. Watu walisimulia kuhusu Mzee Ruksa huku wanacheka: jinsi sabuni na dawa ya meno zilivyorudi madukani, jinsi mitumba ilivyomtia baba yangu hasira kwa kumharibia kazi. Hata tarehe yenyewe aliyoichagua Mungu ilionekana ya ucheshi, maana hitima yake ya mwaka itabidi isubiri mwaka mrefu. Mtu wa miaka 98 hahitaji kusingiziwa ujana. Alikuwa mzee wa kila mtu, na akaondoka akiwa mzee wa kila mtu.

Lakini Oktoba 2025 alipofariki Raila Odinga kule Kerala, India, akiwa na miaka 80, nilimpigia simu rafiki yangu wa Mombasa, tunayelingana umri, kumpa pole. Safari hii nilikumbuka kuitoa mapema. Alikuwa analia. Akaniambia kinachomsumbua ni kwamba mwaka 1997 wao walikuwa wakimwita Tinga, jina la trekta lililokuwa alama ya chama chake. Lilikuwa jina la rika, la kupigia kelele barabarani. "Halafu watoto wetu wakaanza kumwita Baba," akasema, "nasi tukafuata. Sikumbuki ni siku gani. Nimemlilia Baba nisiyejua alizaliwa lini."

Nilipomwambia baba yangu habari hizo, alitaka kujua marehemu ni wa mwaka gani. Nikamwambia 1945. "Mdogo wangu," akasema, na akamrehemu kama anavyorehemiwa mdogo.

Baba sasa ana miaka 85. Cherehani yake iko pembeni ya kitanda, imefunikwa kanga, na juu ya kanga ipo redio. Binti yangu, yule aliyemlilia Kanumba, aliniandikia ujumbe mwaka huu: "Baba, leo nimefika umri wa Kanumba." Sikujua nimjibu nini, nikamwandikia pole, na yeye akaniwekea alama ya kidole gumba. Jumapili iliyofuata alikuja kumwona babu yake. Redioni walikuwa wanapiga zilipendwa, na baada ya nyimbo mbili tatu likaingia lile gitaa. Baba aliinua mkono tunyamaze.

"Mtoto huyu," akasema, "alijaliwa."

Niliposikia neno hilo nilitazama pembeni. Binti yangu akauliza ni nani. Nikamwambia. Akatoa simu, akapekua, akasema kwamba angekuwa na miaka 81.

Baba akafikiri. Vidole vyake vilikuwa vinahesabu juu ya goti, taratibu, kama anayepima pindo.

"Themanini na moja," akasema. "Basi bado ananiamkia."

Akanyoosha mkono kuongeza sauti.